Ng'ombe wa Nchagwa na Likizo ya Robi

Mama Winfrida, mshauri wetu wa redioni, naomba unisaidie, na kabla hujanisaidia naomba usinicheke, maana hapa Genkuru wameshanicheka wakamaliza, sasa hivi wananionea huruma, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mimi kalamu sijui kuishika, darasa nililiona kupitia dirishani nikiwa napitisha ndama wa watu, kwa hiyo anayeandika hapa ni mama Scholastica mwenye mgahawa, ndiye mwenye redio tunayokusikilizia, nimemwambia aandike kama ninavyoongea, asininyooshe. Jina langu usilitaje hewani. Sema tu ni mzee mmoja mashuhuri. Scholastica anasema neno mashuhuri haliandiki. Basi sema mzee mmoja.

Mama, kuongea najua. Nikianza kuongea msibani watu wanasahau nani amekufa. Hivyo ndivyo nilivyompata Luciana, binti wa Kisukuma aliyekuja huku na wachimbaji kutoka Kahama, akawa anapika ugali kule kwenye mashimo ya dhahabu, na mimi nikiwa nimeshakuwa mzee, mke wangu wa kwanza amefariki, watoto wakubwa wametawanyika kila mmoja na mji wake, nikawa nakaa pale kwenye benchi lake namsimulia jinsi nilivyomkimbiza simba mpaka simba akaomba maji ya kunywa, akacheka mpaka mwiko ukamdondoka, tukaoana, akanizalia binti, tukampa jina la mama yangu, Robi. Luciana alinipenda kwa hadithi na akaniacha kwa hadithi hizo hizo, maana akiniuliza baba Robi mahindi yako wapi, namjibu hadithi, akiniuliza mtoto ana homa tangu asubuhi wewe ulikuwa wapi, hadithi, siku moja akafunga nguo zake kwenye kitenge akaniambia, "Wewe mzee ni mtamu kukusikiliza, ila kuishi na wewe ni njaa," akaenda kwao.

Huko Kahama akafungua kesi ya talaka, tukaachanishwa, mtoto akabaki kwa mama yake, na mimi nikapewa haki yangu ya kumuona: kwenda kumtembelea kule nikipata nafasi, na kila likizo ya Juni aje kwangu. Disemba hakimu alikataa, alisema Disemba mtoto wa kike haendi Tarime, na mimi sikubisha, wote tunajua Disemba huku kwetu visu vya ngariba vinafanya kazi gani, na mwanangu simtaki kwenye hayo.

Sasa mtoto yuko mkoa mwingine, utamshika na nini? Mkono wangu haufiki Kahama. Nilimshika kwa mdomo. Kila Jumapili nampigia simu, na kila Jumapili nampa ng'ombe. Nilianza na ng'ombe kumi, wakazaa, Mama, wale ng'ombe walizaa kwenye simu kuliko ng'ombe wowote walivyozaa duniani, mpaka wakafika mia mbili. Nikawapa majina. Kuna dume linaitwa Meneja kwa sababu halifanyi kazi. Kuna jike linaitwa Mwalimu kwa sababu linapiga. Robi akawashika wote kichwani, akawa anawachora shuleni, ananiambia, "Baba, Mwalimu ameshapona mguu?" na mimi mguu wenyewe nimeshasahau kwamba niliuvunja wiki iliyopita.

Ukweli wa Mungu, sina ng'ombe. Nina mbuzi mmoja, na huyo mbuzi anakaa kwangu kwa vile hajapata pengine pa kwenda. Kazi yangu ni kuponda kokoto.

Na hapa ndipo naanza kuona haya, naomba Scholastica ageuke pembeni wakati anaandika. Juni ya kwanza ilipofika nilimpigia Luciana nikamwambia asimlete mtoto, kuna karantini ya mifugo. Juni iliyofuata nikasema mto umekula barabara. Hakukuwa na karantini wala mto. Niliogopa mtoto asije akaona boma tupu. Halafu nikija hapa mgahawani nalia mbele za watu kwamba yule mwanamke kaninyima mwanangu, haki yangu ya mahakama ameikalia, na watu wananinunulia chai kwa huruma, na mimi nainywa.

Mwaka huu Luciana akasema, safari hii barabara iwepo isiwepo mtoto anakuja, analetwa na mjomba wake, Masalu. Nikaona nimekwisha. Nikaenda Susuni kwa Nchagwa, mtoto wa baba yangu mkubwa, yeye anao ng'ombe, nikamweleza.

Akaniuliza, "Kwa hiyo unataka ng'ombe wangu wakusaidie kuwa baba?"

"Ni kwa hii likizo tu, mura. Wasalimiane na mtoto halafu warudi."

"Mia mbili?"

"Nipe wachache, wengine nitasema wako malishoni."

Alicheka, akanikubalia, nusu ya zizi lake, akaniambia jambo moja tu: "Uchukue kibali cha kuwahamisha, na umwambie mwenyekiti wako wa kitongoji kwamba hawa ni ng'ombe wangu." Nikamwambia nimeshamwambia. Sikuwa nimemwambia. Ningemwambiaje, Mama? Mwenyekiti akijua asubuhi, mchana watoto wa kijiji wote wanajua, na Robi akifika tu wanamwambia hawa wameazimwa. Kwa hiyo nikawaswaga mwenyewe, nikakwepa barabara, nikakata katikati ya mashamba, nikavuka vijito mahali watu hawapiti, kusudi nisikutane na wa kuniuliza. Wakaingia bomani kwangu jioni hiyo, nikawasimamia nikiwaangalia, na Mungu ananiona, nikaanza kuamini ni wangu.

Kesho yake Robi akafika na Masalu. Amerefuka. Nilimuacha akiwa wa kubebwa, nikaletewa binti anayejua kunishikia mfuko. Hata maji hakunywa, alikwenda moja kwa moja bomani, akasimama kwenye lango, akaita, "Meneja!" Na dume moja la Nchagwa, sijui lilifikiria nini, likageuza kichwa likamtazama. Robi akapiga kelele za furaha, akanirukia shingoni. Masalu mwenyewe akasema, "Shemeji, kumbe safari hii ulikuwa husemi uongo." Mama, nimeishi miaka mingi, sijawahi kusikia jambo zuri kama lile.

Tulikuwa hata hatujakaa chini nikasikia yowe.

Wewe sijui unatokea wapi, lakini huku kwetu ng'ombe wakiibiwa watu wanapiga yowe na wanafuata nyayo, na nyayo zikiingia kwenye kijiji zisitoke upande wa pili, kijiji hicho ndicho kinajibu. Siku ile ile niliyokuwa nakatiza mashamba kama mwizi, kijiji cha jirani waliibiwa ng'ombe. Wakafuata nyayo mbichi. Zikawafikisha kwangu. Walikuja na fimbo na mapanga, na mbele yao alikuwa Waisiko, namjua tangu anatambaa.

"Mzee Nashoni! Hawa ng'ombe ni wa nani?"

Mama Winfrida, jibu lilikuwepo. Ni neno moja, wa Nchagwa. Lakini Robi alikuwa amenishika mkono, ananitazama usoni. Nikasema, "Ni wangu."

"Wako tangu lini? Juzi si ulikuwa unaomba maziwa kwa jirani yako Boke?"

"Wangu tangu zamani, walikuwa malishoni."

"Malisho yapi hayo yanayopita vijitoni?"

Wakanikalisha chini, wakanifunga mikono kwa kamba ya mkonge, mmoja akanizaba kofi la sikio ambalo mpaka leo linapiga filimbi, na wakati wote huo mwanangu anapiga kelele, "Ni wa baba! Muacheni! Yule ni Meneja, yule ni Mwalimu, mimi nawajua wote!" Masalu akamchukua kwa nguvu, akampandisha kwenye bodaboda, wakaondoka. Nilisubiri mpaka pikipiki ikapotea kwenye kona. Hapo ndipo nikasema, "Ni wa Nchagwa wa Susuni. Mpigieni."

Nchagwa akaja akiwa amevaa viatu tofauti kwa haraka, wenye ng'ombe wao wakaangalia masikio wakaona alama si zao, nikafunguliwa. Waisiko akaniambia, "Mzee, ungesema mapema tusingekupiga." Nikamwambia najua.

Sasa Masalu alichokiona ni kamba. Kumalizika kwake hakukuona. Amemwambia Luciana baba wa mtoto ni mwizi wa mifugo, na Luciana amerudi mahakamani kuomba Robi asije tena Tarime na mimi nisimtembelee hata kule. Nimeitwa nikajieleze. Masalu amenipigia simu ya kunisanifu, "Shemeji, uje na wale ng'ombe wako wakutolee ushahidi." Na mtu wa ustawi wa jamii atakaa na Robi amsikilize.

Jumapili Robi akaiba simu ya mama yake akanipigia. "Baba usiogope. Mimi nitawaambia. Nitawataja majina yao wote, wajue ni wako." Halafu akauliza, "Walikurudishia?" Na mimi, Mama, mdomo huu, ningekuwa na akili ningeukata, nikamwambia, "Wamerudisha wote, mwanangu, na wameniomba radhi wamepiga magoti."

Kwa hiyo nimekaa. Nikisema ukweli mahakamani wizi unaniondoka, lakini mtoto atajua baba yake ni mwongo, na atakuwa yeye mwenyewe ameshausema uongo wangu mbele ya wakubwa. Nikinyamaza nibaki mwizi, mtoto ananipenda ila simuoni tena, maana hakuna atakayempa mwizi mtoto. Au nisiende kabisa. Nimuache akue na baba mwenye ng'ombe mia mbili ambaye haonekani. Mimi hiyo ya mwisho ndiyo naiona afadhali. Scholastica alikataa kuiandika, ameweka kalamu chini, nimembembeleza ndiyo ameendelea.

Niambie nifanye nini. Hadithi zimeniishia.

Ni mimi, mzee mmoja wa Genkuru.

*

Mzee wangu, shikamoo. Nimekuamkia, heshima yako umeshaipata, sasa nisikilize. Ulisema jina lako nisilitaje. Mimi sijalitaja, ila Waisiko amelitaja ndani ya barua yako mwenyewe na nimeshaisoma hewani, kwa hiyo kaa vizuri hapo mgahawani, wote wanakutazama.

Pole kwa kofi. Pole na kwa kile kitambo kifupi cha furaha bomani kilichokatizwa na yowe. Nimeelewa kwamba unampenda huyu mtoto. Lakini hivi, mzee, ulikuwa unafikiria nini? Wewe ni mtu wa Tarime, umezaliwa hapo, unajua kuliko mimi watu wangapi wamepoteza maisha kwa nyayo za ng'ombe kabla hata mwenye mali hajafika kuangalia masikio. Ukaswaga mifugo bila kibali, kwa njia za wizi, ukaipeleka mahali mwanao anakuja kulala. Wangekuchoma moto pale, na Robi akiwa langoni. Masalu unamlaumu kwa kumpandisha pikipiki? Mimi nampongeza. Siku hiyo mtu mzima bomani alikuwa mmoja, naye ni Masalu.

Na kabla ya ng'ombe kuna jambo umelipitisha harakaharaka kama mtu anayefunika chungu. Juni mbili ulizuia mtoto asije, ukamsingizia mama yake, ukanywa chai ya watu juu ya jina lake. Mzee, mahakama ilikupa ile haki, lakini haki ya kumuona mzazi ni ya mtoto kwanza. Robi ndiye aliyenyimwa. Huyo mtoto alikaa Kahama likizo mbili akidhani mto umemzuia asimuone baba yake. Hapo mgahawani ulipokaa, kabla hujaenda popote, waambie watu wa Genkuru kwamba Luciana hakukunyima. Wapo, wanasikiliza. Anza sasa hivi, mimi nitasubiri.

Haya, tuje kwenye swali lako. Umenipa njia tatu, na ile unayoiona afadhali ndiyo mbovu kuliko zote. Ukikosa kwenda ulikoitwa, shauri litasikilizwa upande mmoja na utapoteza kila kitu. Na usijidanganye kwamba Robi atabaki na baba mwenye ng'ombe. Atabaki na baba ambaye yeye alijitolea kumtetea, halafu baba mwenyewe hakutokea. Jambo hilo mtoto hulikuza kichwani, na kila mwaka anatafuta kosa alilofanya yeye.

Ya kunyamaza siigusi. Wewe si mwizi, usikubali kuitwa mwizi kwa sababu unaogopa kuitwa mwongo.

Unasema ukweli, mzee. Lakini kwa mpangilio, maana hapa ndipo utaharibu tena ukifanya haraka. Robi asiusikie ukweli huu kwa hakimu, wala kwa Masalu, wala kwa mtu wa ustawi. Ausikie kwako, uso kwa uso, na kabla hajakaa kwenye kile kiti kuhojiwa. Siyo kwa simu. Simu ndiyo iliyokufikisha hapa. Yule mtoto siyo shahidi wako, ni mwanao, na kumuacha aingie pale kukutetea kwa maneno uliyoyatunga ni kumfanya abebe mzigo wako mbele za watu. Hilo likitokea sitakuwa na ushauri mwingine wa kukupa.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho nenda Susuni ukamuombe Nchagwa msamaha, usimsimulie chochote, omba msamaha unyamaze. Halafu umuombe afike mwenyewe mahakamani aseme ng'ombe ni wake na ilikuwaje. Waisiko naye umuombe. Aliyekufunga akisema alikufungua kwa sababu gani, hakimu ataelewa haraka kuliko maneno yako yote. Hapo wilayani wapo wasaidizi wa kisheria wanaosaidia bila malipo, waone wakueleze namna ya kujibu lile ombi la Luciana. Na ujue hivi: amri iliyokupa haki ya kumuona Robi bado ipo mpaka mahakama yenyewe iibadilishe. Shemeji haifuti kwa simu. Lakini usiende kule kupigania Juni. Wewe mwenyewe pendekeza kwamba kwa sasa utakuwa unamtembelea Kahama, mama yake au mtu wa ustawi akiwepo, mpaka watakapoona unaaminika. Itakuuma kukaa na mwanao huku umewekewa msimamizi. Vumilia. Umeiharibu wewe imani yao, na itakuchukua muda kuijenga.

Sasa nasema na aibu yako. Unaogopa kwamba Robi akijua huna ng'ombe hatakuwa na sababu ya kukupenda. Mzee, barua yako inasema mtoto alipofika alikurukia wewe shingoni. Ng'ombe walikuwepo pale, hakumrukia Meneja. Ila sitakudanganya, ukimwambia ukweli atakasirika. Pengine atalia, pengine ataingia ndani afunge mlango, pengine ataacha kupokea simu zako kwa muda. Usimfuate na hadithi nyingine ya kumchekesha. Najua utaipata, mdomo wako una akiba. Usiitoe. Mwambie, "Sina ng'ombe. Nilidanganya kwa sababu niliona haya. Wewe hukukosea chochote." Maneno hayo yanatosha, usiyapambe. Kisha kaa hapo hapo, nje ya mlango ikibidi, umsubiri aongee yeye. Kwa miaka yote hii umeongea wewe.

Utatangulia Kahama mapema kabla ya siku mliyoitwa. Ukishuka stendi usimpigie Masalu, na usimpigie mtoto kwa siri. Mpigie Luciana. Mwambie umefika, mwambie umekuja kumwambia nini Robi, neno kwa neno, na umuombe ruhusa. Akikataa, rudi kesho yake umuombe tena, kwa adabu, mahakama ikiwa bado haijakaa. Akikuruhusu kusimama kizingitini tu na yeye mwenyewe akiwa pembeni anasikiliza, simama hapo kizingitini, vua kofia, mwite mwanao kwa jina lake, umwambie.